Mikono isiyotajwa: kazi iliyo nyuma ya picha za kwanza za mandhari katika Magharibi ya Marekani (1861-1879)

Mwaka 1867, Timothy O'Sullivan, mpiga picha wa msafara wa kijiolojia ulioongozwa na Clarence King, alisimamisha gari lake katikati ya vilima vya mchanga vya jangwa la Carson, katika Nevada. Picha iliyopatikana hapo imechapishwa mara nyingi katika vitabu vya historia ya upigaji picha. Ndani yake mna mchanga, mbingu tupu, gari lililofunikwa kwa turubai na kufungiwa nyumbu wanne, na mstari wa nyayo unaounganisha gari hilo na mahali kamera iliposimama. Mtu haonekani. Wahakiki wengi wameisoma picha hii kama shairi la upweke: mwanadamu mmoja mbele ya ardhi isiyo na mipaka.

Usomaji huo una uzuri wake, lakini unaiacha kando maana iliyo dhahiri zaidi ya nyayo zile. Gari hilo, ambalo awali lilikuwa la kubebea majeruhi, lilikuwa chumba cha giza. Mpiga picha alilazimika kutoka humo akikimbia na kioo kilichoiva kwa dawa, na kurudi akikimbia kabla kioo hakijakauka. Nyayo ni njia ya kazi. Nao nyumbu wanne hawakujilisha wala hawakujifunga wenyewe. Walikuwako watu wa kuwatunza, kuwaendesha na kuwatafutia maji, na watu hao hawamo katika picha wala katika maelezo yaliyochapishwa chini yake.

Pengine mazoea ya lugha yana sehemu yake katika usahaulifu huu. Kiswahili husema kwamba mtu amepiga picha, kama vile mtu apigavyo ngoma, pasi, simu au hodi: kitenzi kimoja, mtendaji mmoja, tendo la mara moja. Lugha za Ulaya nazo, ingawa hutumia vitenzi vingine, humweka mtendaji mmoja vilevile. Sarufi hiyo inafaa kwa mtu mwenye kamera ndogo mkononi. Kwa miaka ya 1860 na 1870 inapotosha. Picha moja ya mlima ilikuwa na watendaji wengi, na kadi iliyobandikwa picha za misafara ya serikali huonyesha jinsi ngazi ya majina ilivyopangwa. Katika picha za msafara wa Luteni George Wheeler, kwa mfano, kadi hutaja kwa herufi kubwa kwamba msafara uko chini ya amri ya luteni huyo. Jina la mpiga picha liko upande mmoja, kwa herufi ndogo. Jina la mahali liko chini. Ngazi inaishia hapo.

KIOO KIBICHI

Ili kuelewa kwa nini kazi ilikuwa nyingi kiasi hicho, ni lazima kuanza na kemia. Njia iliyotumiwa ilibuniwa na Mwingereza Frederick Scott Archer, aliyeitangaza mwaka 1851. Pamba iliyotiwa asidi iliyeyushwa katika mchanganyiko wa etha na alkoholi, ikawa maji mazito yenye kunata yaitwayo kolodioni, yakiwa yameongezwa chumvi za iodidi. Mpiga picha aliyamimina juu ya bamba la kioo lililosuguliwa hadi likatakata, akaliinamisha pembe baada ya pembe ili maji yatandae sawasawa bila kuacha mistari. Kisha, katika giza, alilitumbukiza bamba ndani ya nitrati ya fedha. Lilipotoka humo lilikuwa tayari kupokea mwanga, lakini kwa muda mfupi tu: dakika kumi hivi, na pungufu ya hapo katika joto la jangwani. Ndani ya muda huo lilipaswa kuingizwa katika kamera, kupata mwanga, kurudishwa gizani, kumwagiwa sulfati ya chuma ili sura ijitokeze, kuoshwa, na kutiwa sianidi ya potasi au dawa nyingine ili sura isipotee. Baadaye lilikaushwa na kupakwa vanishi.

Msomaji aihesabu mizigo mwenyewe. Hema au gari la giza, chupa za etha ambayo hulipuka kwa urahisi, sianidi ambayo huua, beseni, mizani, masanduku ya vioo vipya na masanduku ya vioo vilivyokwisha kupigwa, ambavyo sasa vilikuwa mali isiyoweza kupatikana tena. Zaidi ya hayo yote, maji. Kila bamba lilihitaji kuoshwa, na maji ya jangwani mara nyingi yalikuwa na magadi yaliyoharibu dawa. Nitrati ya fedha ilivigeuza vidole kuwa vyeusi, na weusi huo haukutoka kwa sabuni. Mpiga picha na msaidizi wake walitambulika mjini kwa mikono yao.

Kuna sababu nyingine iliyozidisha uzito, na hii husahauliwa mara kwa mara. Wakati ule picha haikukuzwa kwa kawaida kutoka bamba dogo hadi karatasi kubwa. Karatasi ililazwa juu ya kioo na kuwekwa juani, hivyo ukubwa wa picha ulikuwa ukubwa wa kioo. Aliyetaka picha kubwa alilazimika kubeba kioo kikubwa, na kamera ya kukitosha kioo hicho. Ndiyo maana Carleton Watkins, mzaliwa wa Oneonta, New York, aliyekuja California akiwa kijana, alitengenezewa kamera iliyopokea mabamba ya sentimita 46 kwa 56 hivi. Mwaka 1861 aliingia nayo katika bonde la Yosemite, akifuatana na nyumbu wapatao kumi na wawili, akatoka na mabamba makubwa 30 na mabamba madogo ya picha za jozi yapatayo 100. Picha hizo ziliufanya umma wa mashariki ya Marekani uamini kwamba bonde kama hilo lipo kweli. Tarehe 30 Juni 1864 Rais Abraham Lincoln alitia sahihi sheria iliyolikabidhi bonde hilo kwa jimbo la California ili litunzwe kwa ajili ya umma. Wanahistoria huzitaja picha za Watkins miongoni mwa mambo yaliyoisaidia sheria hiyo, na hapana sababu ya kuwapinga, ila wangeongeza kwamba nyumbu walikuwa na waongozaji.

NYUMBU, WAPAKIZI NA MAKASIA

Neno mpagazi, ambalo msomaji wa Kongo analifahamu vyema kutoka historia ya misafara ya karne ya 19, linafaa hapa nusu tu. Katika Magharibi ya Marekani mzigo ulibebwa kwanza na mnyama, na fundi wake alikuwa mpakizi: mtu aliyejua kugawa uzito pande mbili za mgongo, kufunga kamba kwa fundo lisilolegea mteremkoni, na kumtambua nyumbu anayejivimbisha tumbo wakati wa kufungwa ili kamba ilegee baadaye. Ufundi huu haukuandikwa vitabuni. Uliletwa Magharibi kwa sehemu kubwa na watu wa Mexico, na maneno mengi ya kazi hiyo yalibaki ya Kihispania hata midomoni mwa Wamarekani wasioijua lugha hiyo. Kwa mtaalamu wa lugha huo ni ushahidi wa kutosha: mahali msamiati ulikotoka ndiko na mwalimu alikotoka.

William Henry Jackson, aliyeutumikia msafara wa Ferdinand Hayden tangu 1870 hadi 1878, ndiye aliyeacha kumbukumbu nyingi zaidi kuhusu upande huu. Nyumbu wake wa vifaa, mnyama mnene mwenye masikio yaliyokatwa, aliitwa Hypo, kwa jina la dawa ya kuimarishia picha. Kwa bahati njema jina lake limehifadhiwa. Wapo wanadamu wengi waliokuwa katika kambi hiyohiyo ambao hawakupata heshima hiyo. Mwaka 1873 mzigo wa nyumbu mmoja uliteguka njiani na vioo vingi vikavunjika. Ilibidi kurudi nyuma kupanda tena milima iliyokwisha kupandwa, ili kupiga upya picha zilizokuwa zimekwisha kupatikana. Mwendo wa siku nzima ungeweza kupotea kwa sababu ya fundo moja.

Mahali nyumbu aliposhindwa, mwanadamu alibeba. Mwezi wa Agosti 1873 Jackson alitaka kuupiga picha mlima wa Colorado uitwao Mount of the Holy Cross, ambao mabonde yake ya theluji huchora msalaba ubavuni. Msalaba huo huonekana vizuri kutoka kilele cha mlima unaoukabili. Jackson na wenzake wawili walipanda na vifaa vya kilo 45 hivi, wakakuta mawingu, wakalala mlimani bila chakula. Asubuhi ya tarehe 24 jua lilitoka, lakini kazi haikuweza kuanza mara moja: maji ya kuoshea mabamba yalikuwa bado barafu, ikabidi kungoja jua liyayushe. Picha iliyotokana na asubuhi hiyo ilitundikwa katika nyumba nyingi za Wakristo wa Marekani kama ishara kwamba Mungu ameibariki nchi hiyo. Jackson mwenyewe baadaye alirekebisha bamba ili mkono mmoja wa msalaba uonekane umekamilika zaidi kuliko theluji ilivyouacha. Hata ishara ya mbinguni ilihitaji fundi.

Si kila mara asili ilikuwa mkaidi. Mwaka 1871, penye chemchemi za moto za Yellowstone, Jackson aligundua kwamba akiosha mabamba kwa maji yanayotoka ardhini yakiwa na joto la nyuzi 70 hivi, hukauka kwa chini ya nusu ya muda wa kawaida. Alikuwa anapiga picha ya chemchemi kwa msaada wa chemchemi yenyewe.

Mtoni mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1871 misafara miwili ilikuwa katika mto Colorado. Ule wa Wheeler ulipanda mto kinyume cha maji, kutoka Camp Mohave hadi Diamond Creek, kazi iliyochukua mwezi mmoja hivi. O'Sullivan alipewa mashua, akaiita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya picha. Mashua hazikupanda kwa makasia peke yake. Kwenye maporomoko zilivutwa kwa kamba na watu waliosimama ndani ya maji au juu ya miamba iliyoteleza, na miongoni mwa wavutaji hao walikuwamo Wamojave zaidi ya kumi, wenyeji wa mto, waliojua mahali maji yanapodanganya. Mashua moja ilipotea pamoja na karatasi za Wheeler. Chakula kilikaribia kwisha. Mabamba ya O'Sullivan yalinusurika katika maporomoko yote hayo, kisha sehemu yake kubwa ikavunjika wakati wa kusafirishwa kwenda Washington.

Kati ya Wamojave hao, mmoja ana jina na sura. O'Sullivan alimpiga picha Maiman, na maelezo ya picha yanamtaja kuwa kiongozi wa njia na mkalimani wa msafara kwa sehemu ya majira hayo. Maelezo hayo machache yana thamani kubwa. Yanathibitisha kwamba kazi ya mkalimani ilitambuliwa na wakubwa wa msafara kuwa kazi, na kwamba maneno yalihitajika kama kamba zilivyohitajika. Bila mtu wa kuuliza maji yako wapi, gari la giza halikuwa na faida yoyote.

Msafara wa pili, wa John Wesley Powell, ulishuka mto kuanzia Mei 1871. Kijana Frederick Dellenbaugh, ambaye baadaye aliandika kitabu juu ya safari hiyo, alieleza kwa mzaha jinsi sanduku la kamera lilivyokuwa zito kulipandisha miambani, lakini likawa si kitu mbele ya sanduku la dawa, nalo likawa jepesi kama unyoya mbele ya kisanduku cha chumba cha giza, kilichofanana na kinanda cha mpiga muziki wa barabarani. Waliokuwa wakipandisha masanduku hayo walikuwa wapiga makasia. Mmoja wao aliitwa John Hillers, mzaliwa wa Ujerumani, askari wa zamani na mwendesha magari ya mizigo, aliyeajiriwa Salt Lake City ili apige makasia tu. Mpiga picha wa kwanza, E. O. Beaman, aliondoka baada ya kutofautiana na Powell. Binamu wa Powell alijaribu kuichukua nafasi yake, akashindwa na dawa. Mpiga picha mwingine, James Fennemore, akaugua. Hillers, ambaye kwa muda wote huo alikuwa akibeba, akitazama na kuuliza, alishika kamera mwaka 1872, akaendelea nayo katika utumishi wa serikali kwa miaka mingi.

Habari za Hillers zinastahili kukaziwa kwa sababu zinavunja mpaka ambao historia ya sanaa huuchora kati ya msanii na mbebaji. Mpaka huo katika mto Colorado ulikuwa mwembamba sana: majuma machache ya kujifunza, na mwenzako kupatwa na homa. Ni haki kuuliza wangapi wengine kati ya wabebaji wangeweza kuwa Hillers kama mkuu wa msafara angeona kwamba wanafaa kufundishwa. Mwojave aliyevuta kamba hakufikiriwa kwa nafasi hiyo.

ARDHI ILIYOONEKANA TUPU

Hapa ndipo suala la kazi linapokutana na suala zito zaidi. Picha za Watkins za mwaka 1861 zinaonyesha bonde la Yosemite kama mahali palipokuwa pakingoja tangu kuumbwa kwa dunia mtu wa kwanza kupaona. Miaka 10 tu kabla yake, mwaka 1851, kikosi cha wanamgambo kilichoitwa Mariposa Battalion kiliingia katika bonde hilo kuwafukuza wenyeji wake, Waahwahneechee, waliokuwa chini ya mkuu wao Tenaya. Malisho yaliyo wazi ambayo watalii waliyasifu kama bustani ya asili yalikuwa, kwa sehemu kubwa, kazi ya mikono ya watu hao: walichoma nyasi kwa mpango ili miti isiyafunike na ili mialoni yenye kuwapa chakula istawi. Baada ya moto huo kukatazwa, misonobari iliyafunika malisho mengi. Kwa hiyo mandhari yenyewe, kabla ya kamera kufika, yalikuwa yamefanyiwa kazi, na wafanyakazi wake walikuwa wameondolewa kabla picha haijapigwa.

Baadhi yao walirudi, wakaishi bondeni hadi karne ya 20, wakifanya kazi katika hoteli, wakivua samaki na kukata kuni kwa ajili ya wageni. Eadweard Muybridge, aliyepiga picha Yosemite mwaka 1867 na tena mwaka 1872, aliwapiga picha wenyeji kadhaa. Muybridge huyohuyo alisemwa na watu wa wakati wake kwamba alikatisha miti mingi iliyomzibia mahali alipotaka kusimamisha kamera. Mandhari ya asili, kwa maneno mengine, yalihitaji shoka.

Pale mtu anapoonekana katika picha hizi, mara nyingi amewekwa kama kipimo. Chini ya mti mkubwa uitwao Grizzly Giant, katika picha ya Watkins ya 1861, amesimama Galen Clark, aliyekuja kuwa mlinzi wa kwanza wa eneo hilo. Yeye anajulikana. Wengine wengi, waliosimamishwa juu ya mwamba au kando ya maporomoko ili mtazamaji wa Boston apate kukadiria urefu, ni wapakizi na wasaidizi waliotakiwa wasitikisike kwa sekunde kadhaa. Kusimama bila kutikisika kulikuwa sehemu ya kazi yao.

Hillers naye alitumiwa kwa namna nyingine. Katika picha zake za Wapaiute wa Kaibab za miaka ya 1872 na 1873, baadhi ya mavazi ya ngozi si ya Wapaiute. Powell ndiye aliyeyaleta, yakiwa yametoka kwa Wayute, kwa sababu mavazi ya kawaida ya waliopigwa picha, yaliyochanganya nguo kuukuu za wazungu na za kwao, hayakufanana na matarajio ya wanunuzi. Picha za jozi zilizotokana na safari hizo ziliuzwa, na mapato yakagawanywa kati ya Powell, Almon Thompson na Hillers. Waliovaa mavazi hayo hawakuwamo katika mgawo.

Kwa Yellowstone matokeo yalikuwa ya haraka zaidi. Picha za Jackson, pamoja na michoro ya rangi ya Thomas Moran, zilionyeshwa kwa wajumbe wa Kongresi, na tarehe 1 Machi 1872 Rais Ulysses Grant alitia sahihi sheria ya kuunda hifadhi. Washoshone walioishi katika milima hiyo waliondolewa na kupelekwa katika maeneo yaliyotengwa.

RELI NA UZA WA PICHA

Kampuni za reli ziliajiri wapiga picha kwa sababu iliyo wazi: zilihitaji wanunuzi wa hisa na abiria. Andrew Russell aliifanyia kazi Union Pacific iliyokuwa ikitoka mashariki; Alfred Hart aliifanyia Central Pacific iliyotoka California. Katika Central Pacific wengi wa wafanyakazi, kwa maelfu, walikuwa Wachina. Walilipwa kidogo kuliko wazungu na kujilisha wenyewe. Mwezi wa Juni 1867 maelfu yao waligoma wakidai mshahara wa dola 40 kwa mwezi na saa chache zaidi za kazi katika mahandaki. Charles Crocker wa kampuni alizuia chakula kisiwafikie kambini, na baada ya juma moja hivi mgomo ukaisha.

Hart, katika picha zake zaidi ya 360, aliwaonyesha Wachina hao wakiwa kazini, na katika moja yumo mbeba chai aliyesimama nje ya handaki namba 8. Ni vitu vidogo ndani ya picha ndogo, lakini vinaonekana. Kinyume chake ni picha mashuhuri ya Russell ya tarehe 10 Mei 1869, ya kukutana kwa njia hizo mbili huko Promontory, Utah: injini mbili zinatazamana, wahandisi wanapeana mikono, chupa zimeinuliwa, na umati umejaa pande zote, lakini Wachina hawaonekani waziwazi. Haki inadai kuongeza kwamba katika picha nyingine ya siku hiyohiyo Russell aliwapiga Wachina wakiwa kwenye reli ya mwisho. Aliyewatoa katika kumbukumbu hakuwa Russell peke yake. Ni wachapishaji wa vitabu na magazeti, waliochagua mwaka baada ya mwaka picha moja kati ya mbili. Mwaka 1882 sheria ya kuwazuia Wachina kuingia Marekani ilipopitishwa, picha iliyochaguliwa ilikuwa imekwisha kuzoeleka.

Kazi haikuishia porini. Karatasi ya picha ilipakwa ute wa yai uliotiwa chumvi, na viwanda vikubwa vya karatasi hiyo, hasa vya mji wa Dresden, Ujerumani, vilitumia mayai makumi ya maelfu kwa siku, yakivunjwa na kutenganishwa na wasichana na wanawake. Karatasi ilipofika Marekani ilitiwa nitrati ya fedha, ikalazwa juu ya kioo na kuwekwa juani juu ya mapaa ya studio. Ikageuzwa rangi kwa kloridi ya dhahabu, ikaoshwa, ikakatwa na kubandikwa kwenye kadi. Wanawake walikuwa wengi katika hatua hizi. Mollie Greer, aliyeolewa na Jackson mwaka 1869, alisimamia studio ya Omaha wakati mumewe akiwa kando ya njia ya reli. Hata mbingu ilikuwa kazi ya mchapaji: kolodioni ilihisi mno rangi ya buluu, hivyo anga lilitoka jeupe tupu, na aliyetaka mawingu aliyachapa kutoka bamba la pili. Mtazamaji anayeshangaa jinsi mawingu yalivyokaa vizuri juu ya mlima fulani wa Muybridge huenda anashangaa ustadi wa fundi aliyekuwa San Francisco.

Dhahabu na fedha hizo zenyewe zilitoka ardhini. Katika majira ya baridi ya 1867-1868 O'Sullivan alishuka katika migodi ya fedha ya Comstock, Virginia City, akawapiga picha wachimbaji kwa kuwasha magnesi. Hizo ni miongoni mwa picha za kwanza za chini ya ardhi nchini Marekani. Kwa msomaji wa Katanga, mkoa ambao umeyaona mengi ya aina hiyo, itatosha kutaja kwamba mchimbaji aliyeinama katika picha hizo alikuwa akichimba madini yaleyale ambayo bila hayo picha yake isingekuwapo.

MALI YA NANI?

Picha ilipokamilika, swali lilibaki la nani mwenye nayo. Misafara ya serikali ilikuwa na jibu rahisi: mabamba ni ya serikali. O'Sullivan alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1882, akiwa na umri wa miaka 42 hivi, bila mali. Katika biashara binafsi jibu lilikuwa la ukatili zaidi. Watkins, ambaye mlima mmoja wa Yosemite ulikuwa umekwisha kupewa jina lake, alishindwa kulipa madeni katikati ya miaka ya 1870. Studio yake na mabamba yote yakachukuliwa na mdai wake, John Jay Cook, na Isaiah Taber akaanza kuchapa picha hizohizo na kuzitia jina la Taber. Watkins alianza upya, akarudi katika mahali palepale na kamera ileile, akasimama pale alipokuwa amesimama. Tetemeko na moto wa San Francisco wa Aprili 1906 viliteketeza kazi ya maisha yake yote. Mwaka 1910 alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Napa, akafia huko mwaka 1916, akazikwa bila alama kaburini.

Ni kawaida kumhurumia Watkins, na anastahili. Lakini kabla ya kuporwa na Taber, Watkins naye alikuwa amepata mabamba ya Hart, yale ya Wachina na mahandaki, akayachapa chini ya jina la Watkins. Inaelekea kwamba hakuona ubaya wowote. Katika biashara ile bamba lilikuwa kama shamba: aliyelinunua alivuna, na jina la aliyelilima liliondoka pamoja naye. Kanuni hiyohiyo iliyomfuta mpakizi na mbeba chai ilipanda ngazi moja, ikamfuta Hart, kisha ikapanda nyingine, ikamfuta Watkins.

Hart alikufa mwaka 1908. Kwa muda mrefu picha zake za reli zilinukuliwa kama za Watkins, hadi watafiti na wakusanyaji walipoanza kuzilinganisha kadi moja baada ya nyingine. Kilichowasaidia ni uvivu wa kibiashara: Watkins alipozichapa upya alibadilisha jina kwenye kadi, lakini namba za Hart aliziacha kama zilivyokuwa.